Helsinki hadi Vienna kwa barabara: siku nane nikiifuata meza ya SALT

Nimerudi Moshi. Nguo zimefuliwa, picha zimehamishiwa kwenye kompyuta, na daftari la safari lina doa la supu ya samaki kwenye ukurasa wa tatu. Walimu wenzangu waliouliza "ulifuata nini huko kote?" jibu lao hili hapa, na si fupi.

Nafundisha historia, kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka nikifika kwenye Vita Baridi naandika ubaoni: 1972, SALT I, 1979, SALT II. Darasa linacheka kwamba wakubwa walisaini mkataba wa chumvi, naeleza dakika kumi kwamba ni mazungumzo ya Marekani na Umoja wa Kisovieti ya kuwekea kikomo silaha za nyuklia, kengele inalia. Ule msemo wa tembo na nyasi nimeuandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu, lakini msemo wenyewe unahusu tembo wakipigana. Wakikaa chini kuzungumza, wanakaa wapi? Wanakula nini? Hilo sikuwa nalijua.

Mdogo wangu ni muuguzi Helsinki, miaka minne ananiita. Safari hii nilimwambia nakuja, nalala kwako siku tatu, kisha nashuka Vienna kwa barabara. Maana mazungumzo yale yalikuwa ya kuhamahama: duru moja Helsinki, inayofuata Vienna, kuanzia Novemba 1969 hadi Mei 1972. Wajumbe walipanda ndege. Mimi nilitaka kuona kilichopo katikati.

Kwa atakayefuata: ada ya viza ya Schengen ni euro 90, hairudi hata ukinyimwa. Unaombea nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, na barua ya likizo kutoka kwa mkuu wa shule iwe na mhuri unaosomeka. Yangu ilirudishwa kwa sababu ya mhuri uliofifia.

Siku ya 1. Jumatano, 11 Juni 2025. KIA – Doha – Helsinki

Ndani ya ndege hakuna hadithi. Nililala, nikaamshwa nile, nikalala.

Helsinki treni ya mjini iko chini kabisa ya uwanja wa ndege, unashuka ngazi za umeme mpaka unajiuliza kama umekosea njia. Tiketi euro nne na senti. Shemeji alinipokea stesheni kuu na koti mkononi, na nilihitaji: Juni yao ni Julai ya Kibosho asubuhi, na upepo juu yake. Saa nne usiku jua bado linapiga dirishani na watoto wanacheza mpira nje. Mdogo wangu alikuwa ameweka blanketi nyeusi dirishani kwa ajili yangu. Mleteeni msafiri kitambaa cha macho, chakula atajitafutia.

Siku ya 2. Alhamisi, 12 Juni. Helsinki

Sikujua kuwa 12 Juni ni siku ya kuzaliwa ya jiji. Watu wote mitaani, muziki kila kona, tramu zimejaa. Niliteremka na kutembea hadi Esplanadi, bustani ndefu inayoishia soko la bandarini. Upande wa kusini ndipo lilipo Smolna, jumba la karamu la serikali. Haliingiliki na mtu wa kawaida. Nilisimama nje na daftari langu, watalii wakanipita wakidhani nasubiri basi.

Hapo ndipo mazungumzo ya SALT yalipofunguliwa tarehe 17 Novemba 1969. Gerard Smith upande wa Marekani, Vladimir Semyonov upande wa Umoja wa Kisovieti. Jina la jumba nalo ni kichekesho. Mwaka 1918, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Finland, Wekundu, yaani wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto, waliweka makao yao humo, ndipo likaitwa Smolna kwa kuiga Smolny, makao ya Lenin kule Petrograd. Kwa hiyo Wamarekani walikwenda kujadili makombora ndani ya nyumba yenye jina la utani la Kibolsheviki, na hakuna aliyesusa.

Baada ya ufunguzi vikao vikawa vya kupokezana: leo ubalozi wenu, kesho ubalozi wetu. Kikao rasmi mtu anasoma karatasi. Kikiisha, wanagawanyika vikundi vidogo pembeni, na huko ndiko neno lilikotoka. Kuna kisa kimoja nakipenda. Wamarekani walikuwa wanataja hesabu za makombora ya Warusi waziwazi mezani. Jenerali Ogarkov wa Kisovieti akamvuta mjumbe mmoja wa Marekani kando, akamwomba wasiyaseme hayo mbele ya wajumbe raia wa upande wake mwenyewe, kwa kuwa ni mambo ya wanajeshi. Yaani adui alijua hesabu ya nyumbani kwako kuliko ndugu uliyekaa naye benchi moja.

Sokoni nilikula supu ya samaki aina ya samoni, yenye maziwa na bizari, euro 14 na mkate mweusi juu yake. Mama muuzaji aliona nimejikunyata, akaniongezea kijiko kikubwa bila kuuliza. Doa la daftari ni la hapo.

Jioni, Finlandia. Ukumbi mweupe uliosanifiwa na Alvar Aalto kando ya maji, umefunguliwa tena mwaka 2025 baada ya ukarabati. Marumaru yake ya kwanza ilitoka Carrara, na baridi ikaikunja, vigae vikawa vimebinuka kama chapati iliyokaa juani. Wakabadilisha, ikakunja tena. Sasa wameweka ya kutoka sehemu nyingine ya Italia. Tusubiri.

Humo ndimo nchi 35 zilipotia saini Hati ya Mwisho ya Helsinki, makubaliano mengine, ya usalama na ushirikiano Ulaya, tarehe 1 Agosti 1975: Ulaya nzima isipokuwa Albania na Andorra, pamoja na Marekani na Kanada. Viti vilipangwa kwa alfabeti ya Kifaransa. Kifaransa kinaiita Ujerumani Allemagne, basi Ujerumani mbili zilizokuwa hazitazamani zikawekwa bega kwa bega, Schmidt wa Magharibi na Honecker wa Mashariki. Marekani ikaandikwa kwa kuanzia na Amérique, Rais Ford akaangukia kiti kilichofuata. Nilikaa safu ya katikati nikajaribu kuwapanga kwa macho. Kama nilivyowahi kupanga watahiniwa kwa namba za mtihani ili mahasimu wawili wasikae karibu, nikashindwa.

Hati yenyewe waliigawa vikapu. Hivyo hivyo: vikapu. Cha kwanza usalama na mipaka, cha pili uchumi na sayansi, cha tatu watu, yaani familia zilizotenganishwa, habari, safari, vitabu. Moscow ilikitaka cha kwanza kwa udi na uvumba. Hicho cha tatu iliona ni maneno tu.

Siku ya 3. Ijumaa, 13 Juni. Otaniemi

Kabla marais hawajaja kusaini Hati hiyo, mabalozi walikaa miezi wakibishana agenda iweje. Walikaa wapi? Kwenye jengo la chama cha wanafunzi. Naam, wanafunzi wa chuo cha ufundi, Dipoli, nje kidogo ya Helsinki, kuanzia 22 Novemba 1972 hadi 8 Juni 1973. Nilitaka kuliona kuliko hata Finlandia.

Metro ni moja tu kutoka kwa mdogo wangu, hubadilishi. Unashuka Aalto-yliopisto. Mimi nikatoka mlango usio wangu, nikazunguka majengo ya matofali dakika ishirini. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee wa Kisomali, kofia nyeupe, fimbo, anaongea na simu. Nikamsubiri amalize, nikamuuliza kwa Kiingereza. Akanitazama.

"Wewe ni wa Tanzania, ama?"

"Ndiyo mzee. Shikamoo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, marahaba! Nimekaa Eastleigh miaka tisa, hakuna mtu aliniamkia hivyo. Kuja, nitakupeleka."

Goti lilimuuma lakini alikataa nisimame. Alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu, analijua kila jengo. Dipoli ni jumba lisilo na pembe ya kueleweka, mawe na shaba na misonobari, kama mwamba ulioamua kuwa nyumba. Nilimweleza njiani: hapa ndipo Ulaya na wakubwa wawili walipokaa kukubaliana namna ya kutopigana.

"Mwaka gani?"

"Sabini na mbili, sabini na tatu."

"Mimi hapo niko Jijiga, kijana, nachunga mbuzi ya baba." Akatembea hatua kadhaa. "Miaka nne baadaye vita ikatukuta. Kwanza Mrusi alikuwa rafiki ya Somalia, alileta bunduki. Halafu akawa rafiki ya Ethiopia, akaleta bunduki. Bunduki ni ile ile, mama. Imegeuka tu."

Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa. Akagonga dirisha kwa fimbo, kijana wa usafi akatoka, wakaongea Kifini, tukaingizwa ukumbini tukatazama dari kwa dakika tano. Kisha akaninunulia kahawa na andazi la mdalasini lililosokotwa, na nilipotoa pochi akaifunika kwa kiganja. "Wewe ni mgeni." Aliandika namba yake ndani ya daftari langu kwa herufi za dereva, kubwa na wima. "Ukifika kwa hiyo meza ya Vienna, nitumie picha."

Siku ya 4. Jumamosi, 14 Juni. Helsinki – Tallinn – Riga

Meli ni mwendo wa saa mbili, euro 24. Fika mapema upate kiti cha dirishani, maana wengine wanakwenda kununua vinywaji Tallinn na wanarudi jioni hiyo hiyo, mikokoteni yao inachukua njia yote. Estonia niliiona kama mtu anayepita Korogwe: bandari, tramu, stendi. Basi la Riga euro 19, mwendo wa saa nne na nusu, misonobari upande huu, misonobari upande ule.

Riga nililala hosteli ya euro 26, chumba cha wanawake sita. Soko kuu liko ndani ya mabanda yaliyotokana na mahanga ya ndege-puto za kijeshi za Wajerumani. Leo zinauza samaki wa kukaushwa kwa moshi, jibini na matango ya siki. Vitu vya vita hupata kazi nyingine mara nyingi kuliko tunavyodhani, ingawa huchukua muda. Harufu ile ya samaki ilinikumbusha soko la Mwaloni, Mwanza, nikanunua mmoja. Wenzangu wa chumbani hawakufurahi.

Siku ya 5. Jumapili, 15 Juni. Riga – Warsaw

Siku mbaya ya safari. Basi, euro 34, lilipaswa kufika jioni. Baada ya kuvuka kutoka Lithuania kuingia Poland, likaanza kutoa moshi, dereva akaliegesha kituo cha mafuta karibu na Suwałki. Tulikaa hapo saa mbili na nusu. Hakuna aliyetuambia lolote, na namba ya huduma kwa wateja iliimba muziki tu.

Ukitazama ramani, hapo ndipo pembamba: upande mmoja Kaliningrad ya Urusi, upande wa pili Belarus, katikati kishingo cha ardhi ambacho majenerali wa NATO wanakitaja kila siku. Malori ya jeshi yalipita, nikahesabu kumi na moja. Mama mmoja wa Kipolandi wa umri wa mama yangu alikuwa na bakuli la stroberi, ndio msimu wake. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Aliliweka katikati yetu kwenye ukingo wa saruji na kunionyesha kidole: moja wewe, moja mimi. Tukala hivyo mpaka likaisha, zamu kwa zamu, na ya mwisho akaikata kwa meno, akacheka, akanipa nusu.

Ushauri: safari hii usipange kitu jioni ya kufika. Beba maji, na sarafu za zloti kwa ajili ya choo, maana mhudumu wa kituo kile hakupokea euro yangu.

Warsaw tuliingia usiku mkubwa. Kitandani nikakumbuka kwamba huu ndio mji alikozaliwa Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa Rais Carter, ambaye ndiye aliyesema kwamba SALT imezikwa kwenye mchanga wa Ogaden, ile nchi ya Wasomali iliyo ndani ya Ethiopia, upande wa Jijiga. Nimemnukuu darasani mara chungu nzima. Maana yake ni kwamba Warusi walipopeleka silaha na Wakuba wakaingia upande wa Ethiopia mwaka 1977 na 1978, imani ya Washington juu ya mazungumzo ikaporomoka. Sikuwahi kufikiria kwamba kwenye mchanga huo kuna kijana na mbuzi za baba yake. Nikachukua simu nimwandikie mzee, nikafuta. Uandike nini?

Siku ya 6. Jumatatu, 16 Juni. Warsaw – Vienna

Treni, euro 45 kwa kuwa nilikata mwezi mmoja kabla. Ukikata siku hiyo andaa zaidi. Mwendo wa kama saa nane. Nilipita Czechia nikiwa na kile kikapu cha tatu tu kichwani. Walioitawala Prague walisaini Helsinki, na Januari 1977 raia wao wenyewe wakawatolea tamko la kudai haki, Mkataba wa 77, wakiwaambia: mmesaini, basi tekelezeni. Moscow nako kikundi cha kufuatilia Helsinki kilikwishaundwa Mei 1976. Maneno tu, walidhani.

Treni ilichelewa dakika hamsini. Baada ya jana niliona ni heshima.

Siku ya 7. Jumanne, 17 Juni. Vienna

Kutoka stesheni kuu hadi kasri la Belvedere ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, usilipie teksi. Kiingilio ni karibu euro 20, na foleni yote inakwenda kutazama picha moja, ya Klimt, mwanamume na mwanamke wakibusiana ndani ya dhahabu. Nikaitazama nami, sikusafiri kilomita zote hizo kujifanya mgumu. Lakini nilifuata ukumbi wa marumaru. Tarehe 15 Mei 1955 wakubwa wanne walisaini humo mkataba wa kuirudishia Austria uhuru wake, na jumba hili hili lilifungua duru ya pili ya SALT tarehe 16 Aprili 1970. Mlinzi nilipomuuliza kuhusu 1970 alinielekeza choo kwa upole.

Mchana nilikaa bustanini na mkate na samaki wangu wa Riga, nikaandika namba nitakazozipeleka darasani. SALT I ilisainiwa Moscow tarehe 26 Mei 1972. Marekani ikabaki na mitambo 1,054 ya makombora ya masafa marefu ya nchi kavu, Wasovieti 1,618. Wanafunzi huuliza kwa nini Marekani ikubali kuzidiwa. Ni kwa sababu walihesabu mitambo, hawakuhesabu vichwa vya nyuklia vilivyo juu yake, na Marekani ilikuwa tayari inapachika vichwa vitatu kwenye kombora moja. Ni trafiki anayehesabu daladala barabarani asihesabu abiria waliomo. Haisi ni ile ile, watu wameongezeka.

Siku ya 8. Jumatano, 18 Juni. Hofburg

Tarehe niliichagua makusudi. 18 Juni 1979 Carter na Brezhnev, kiongozi wa Kisovieti, walisaini SALT II kwenye ukumbi wa Redoutensaal ndani ya Hofburg, kasri la kale la watawala wa Austria: vyombo 2,400 vya kurushia kila upande, kisha vishuke hadi 2,250. Brezhnev alikuwa na miaka 72 na afya yake imekwisha. Waliposimama walibusiana mashavuni. Belvedere watu wanapanga foleni kwa busu la dhahabu. La huku halina hata kibao. Nililifuata hilo.

Ukumbi unakodishwa kwa mikutano. Kijana wa mapokezi alisema hapana mara tatu kwa adabu. Mara ya nne nilimkuta mwanamke aliyekuwa akisukuma viti. Nilimwonyesha picha ya zamani kwenye simu, akaitazama, akatazama saa, akasema: dakika tatu.

Dari si lile. Usiku wa Novemba 1992 moto uliteketeza sehemu hii ya jumba, farasi weupe wa shule ya jirani wakatolewa mabarabarani gizani, na ukumbi mkubwa ukajengwa upya na michoro ya msanii wa kisasa, rangi kali kali. Yaani mahali pale pale, chumba si kile. Mkataba nao haukuidhinishwa na Seneti: Desemba 1979 Wasovieti waliingia Afghanistan, na Januari 1980 Carter mwenyewe akaomba usijadiliwe. Pamoja na hayo pande zote mbili zikaendelea kuufuata kwa miaka kadhaa, bila kulazimishwa na karatasi. Hilo huwa silisemi darasani kwa sababu kengele hulia.

Nilipiga picha mbili, moja ikatoka na ukungu. Yule mama akanihimiza kwa mkono, nikamsaidia kusogeza viti sita, tukaagana.

Hesabu ya wanaotaka kurudia njia hii: nauli tupu Helsinki hadi Vienna ni euro 122, kama shilingi laki tatu na elfu sitini na sita. Vitanda vya hosteli euro 26 hadi 40. Chakula ndicho kinachokula mtu, nunua sokoni.

Picha nilimtumia mzee kutoka kwenye ngazi za Hofburg. Jibu lilinikuta Doha nikisubiri ndege ya KIA, sauti ya nusu dakika, nyuma yake metro inasikika ikifunga milango. Goti limeanza kupona. Chumba amekiona, ni kizuri, lakini mbona kitupu? Na je, hao wakubwa wawili siku hiyo walikunywa chai ama hawakunywa?